Kompteri inahesabu nini? Namna maji na gaze vinapimwa ndani ya tiyo

Ku kioski ya maji, hesabu ya mwisho wa mwezi inaweza kuvunja urafiki wa miaka mingi. Mufano ni huu. Kompteri ya kioski inaonyesha kama metre kibe 40 za maji zimepita. Metre kibe moja ni litre 1000, na bidoni moja ni litre 20. Komite inafanya hesabu: bidoni 2000. Lakini mama mwenye kuuzisha maji ameandika ndani ya daftari yake bidoni 1860 tu. Bidoni 140 zimekwenda wapi? Wamoja wanasema mama amekula makuta. Wengine wanasema kompteri inaiba. Mama mwenyewe anaapa kama hakuna hata bidoni moja yenye iliuzishwa inje ya daftari.

Inawezekana wote wanasema kweli. Bidoni ya njano yenye kila mutu anaita "ya litre 20" haijazwe mpaka alama ya litre 20. Inajazwa mpaka mudomo, juu mununuzi anaangalia na hataki kuondoka na bidoni yenye haijajaa. Ikijazwa hivyo inaweza kubeba litre 21 na nusu. Chukua litre 40 000, gawa kwa 21,5: inatoka bidoni 1860. Hakuna mwizi. Kuko vipimo viwili tu vyenye havikupatana.

Mabishano ya namna hii iko ku kioski, ku lupango zenye watu wanagawana fakitire moja, ku depo za esanse, na hata ku hospitali fasi mugonjwa anapumua kwa chupa ya oksijeni. Yote inatoka ku ulizo moja: namna gani mutu anaweza kujua, bila kukosea sana, kiasi gani cha maji ao gaze kimepita ndani ya tiyo yenye yeye haoni ndani?

Debi: mbio mara nafasi

Kitu chenye kinapimwa, mafundi wanakiita debi. Ni kiasi cha maji chenye kinapita fasi moja kwa wakati fulani: litre kwa dakika moja, ao metre kibe kwa saa moja. Njia ya kwanza ya kuipima ni ile kila mutoto wa kuchota maji anajua: kuweka bidoni chini ya robine na kuangalia saa. Kama bidoni yenye litre 20 za kweli inajaa kwa sekunde 80, debi ni litre 15 kwa dakika moja, ni kusema litre 900 kwa saa moja.

Lakini huwezi kuweka bidoni chini ya tiyo yenye inalisha muji muzima. Hapo inapaswa kujua mambo mawili: nafasi ya ndani ya tiyo na mbio ya maji. Ukizidisha moja kwa ingine, unapata debi. Tiyo yenye upana wa milimetre 20 ndani, maji ikipita kwa mbio ya metre 1 kwa sekunde, inaleta karibu litre 19 kwa dakika. Tiyo ya milimetre 40, kwa mbio ile ile, hailete mara mbili: inaleta mara ine, karibu litre 75. Watu wengi wanakosea hapa. Upana ukiongezeka mara mbili, nafasi inaongezeka mara ine. Fundi mwenye amekosea milimetre 1 tu ku tiyo ya milimetre 20 tayari amekosea asilimia 10 ku hesabu ya debi.

Kuko shida ingine: ndani ya tiyo maji yote haiendi na mbio moja. Ile ya karibu na ukuta inajikokota, ile ya katikati inakimbia. Katika mwaka wa 1883, Osborne Reynolds, mwalimu wa universite katika muji wa Manchester, Uingereza, aliingiza rangi ndani ya maji yenye ilikuwa inapita ndani ya tiyo ya kioo. Maji ikienda polepole, rangi ilibakia kama uzi mumoja murefu. Mbio ikiongezeka, uzi ulianza kutikisika, kisha rangi ikachafuka ndani ya tiyo nzima. Maji ikienda polepole kama ile ya uzi, ya katikati inakimbia mara mbili ya mbio ya kadiri. Ikichafuka, mbio ya katikati na ya pembeni zinakaribiana. Kwa hiyo mutu mwenye anapima mbio fasi moja tu ya tiyo, bila kujua maji inaenda ginsi gani, anaweza kudanganyika kabisa.

Warumi walipima mudomo, wakasahau mbio

Shida hii si ya leo. Katika mwaka wa 97, Sextus Julius Frontinus alipewa kazi ya kusimamia maji ya muji wa Roma. Maji ilikuwa inatoka mbali kwa mifereji ya mawe, na kila mutu mwenye ruhusa alipata maji kupitia mudomo wa shaba wenye alama ya serikali. Kipimo chao, kwinaria, kilitegemea upana wa mudomo tu. Mutu alihesabiwa kufatana na tundu lake, si kufatana na maji yenye ilipita kweli.

Frontinus alipolinganisha maandishi na vipimo vyake mwenyewe, hesabu hazikupatana. Aliona kabisa kama mudomo wenye umewekwa kuelekea mukondo unakamata maji mengi kuliko ule wenye umewekwa pembeni. Aliandika pia juu ya ujanja: mutu anaweka mudomo wa kipimo cha sheria, lakini nyuma yake anafunga tiyo pana zaidi, na maji inavutika kwa wingi. Ndiyo maana sheria iliomba tiyo ibakie na upana ule ule kwa futi 50 kisha mudomo. Warumi walijua mbio inabadilisha mambo, lakini hawakuwa na chombo cha kuipima.

Chombo kilichelewa. Katika mwaka wa 1732, Mufaransa Henri Pitot aliingiza ndani ya muto Seine, kule Paris, tiyo ya kioo yenye kupindwa, mudomo wake ukielekea mukondo. Maji ikikimbia zaidi, ilipanda juu zaidi ndani ya kioo. Mpaka leo ndege inajua mbio yake kupitia tiyo ya Pitot. Katika mwaka wa 1790, Mujerumani Reinhard Woltman akafanya chombo chenye mabawa yenye kuzungushwa na mukondo: hesabu mizunguko, utajua mbio. Jina lake liko bado ku kompteri kubwa zenye zinafungwa ku tiyo za muji.

Ndani ya kompteri ya nyumba

Kompteri ndogo ya ku lupango inafanya kazi kwa njia moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni ya mbio. Ndani kuko gurudumu ndogo yenye mabawa. Maji inagonga mabawa, gurudumu inazunguka, na mizunguko inapita kupitia meno madogo, mara mingi kwa musaada wa sumaku, mpaka ku namba zenye mutu anasoma. Kompteri hii haione litre. Inaona mizunguko, na watu wenye waliitengeneza walipanga mizunguko ngapi inalingana na litre moja.

Ya pili ni ya kujaza na kumwaga. Ndani kuko chumba kidogo chenye kipande kinachozunguka. Kila muzunguko unakamata kiasi kile kile cha maji na kukisukuma inje, kama mutu mwenye anahesabu vikombe. Hii inakamata vizuri hata maji kidogo, lakini muchanga unaiumiza haraka.

Ku sura ya kompteri kuko namba nyeusi na namba nyekundu. Nyeusi ni metre kibe kamili, ndizo zinaingia ku fakitire. Nyekundu, ao visaa vidogo vyekundu, ni vipande vya metre kibe: kinachoandikwa ×0,1 kinahesabu litre mia, ×0,01 litre kumi, ×0,001 litre moja. Mara mingi kuko pia nyota ao pembe tatu ndogo yenye inazunguka hata kwa maji kidogo. Hiyo ndiyo rafiki ya mwenye nyumba, juu inaonyesha kama kuko fasi inavuja.

Kuko pia maandishi yenye watu hawasome, kama "Q3 2,5" na "R80". Q3 ni debi ya kazi ya kawaida: hapa metre kibe 2,5 kwa saa. R80 maana yake ukigawa hiyo kwa 80, unapata debi ya chini yenye kompteri bado inaahidi kupima: karibu litre 31 kwa saa. Kufatana na kanuni za kimataifa zenye kuitwa OIML R 49 na ISO 4064, kompteri mupya ya namna hii, kwa maji ya baridi, haipaswe kukosea kupita asilimia 2 kwa debi ya kawaida. Kwa debi ndogo sana, kati ya litre 31 na 50 kwa saa, inaruhusiwa kukosea mpaka asilimia 5. Chini ya litre 31, haiahidi kitu. Inaweza kuhesabu kidogo, inaweza pia kusimama kabisa.

Hapo ndipo maji inapotea bila mutu kujua. Robine yenye inatiririka kidogo, mpaka kikombe cha robo litre kinajaa kwa dakika 5, inamwaga litre 3 kwa saa. Ni litre 72 kwa siku, na zaidi ya metre kibe 2 kwa mwezi. Kompteri inaweza isione hata tone moja. Watu fulani wanajua siri hii na wanaacha robine itone usiku kucha ndani ya pipa. Maji hiyo inalipwa hata hivyo: gharama ya pompi na dawa inagawanywa ku fakitire za jirani.

Juu ya nini kompteri inakosea

Watu wengi wanaamini kompteri ikizeeka inaongeza hesabu. Mara mingi ni kinyume. Gurudumu ikichoka na meno ikiisha, inazunguka kwa uzito na inaacha maji ipite bila kuhesabiwa. Kompteri ya zamani, kwa kawaida, inaumiza mwenye kuuzisha maji kuliko mununuzi.

Lakini kuko fasi mununuzi ana haki ya kulalamika. Ya kwanza ni hewa. Maji ikikatika siku mbili ao tatu, tiyo zinabakia tupu na hewa inaingia. Siku maji inarudi, inasukuma ile hewa mbele yake. Hewa inapita mbio sana, inazungusha mabawa, na namba zinapanda wakati robine inapiga tu filimbi. Kwa mutandao wenye maji inatoka kila siku, jambo hili ni dogo. Kwa kartie zenye maji inakatika mara kwa mara, linaweza kuonekana ku fakitire. Dawa yake ni vali za kutoa hewa zenye zinawekwa fasi za juu za mutandao, na kwa mwenye nyumba, kufunga vane yake wakati maji haiko na kuifungua polepole kisha maji kufika kwa jirani.

Ya pili ni uchafu. Muchanga na kutu vikiziba upande mumoja wa tundu za kuingilia, maji inapita kwa tundu zenye zimebakia kwa mbio kubwa zaidi, na kwa kompteri fulani za mabawa hesabu inapanda juu ya ukweli. Ya tatu ni namna ya kufunga. Kompteri nyingi za mabawa zinapaswa kulala sawasawa, sura ikiangalia juu. Ikilazwa upande, gurudumu inasuguana na inakosa maji kidogo. Ya ine ni kona. Tiyo ikipinda, maji inatoka pale ikijizungusha, na chombo chenye kinapima mbio kinadanganyika. Kwa vipimo vya tiyo kubwa, mafundi wana kanuni ya kawaida: kuacha tiyo nyoofu mara 10 ya upana wake mbele ya chombo, na mara 5 kisha chombo. Kwa tiyo ya milimetre 200, ni metre 2 mbele na metre 1 nyuma. Wakati nafasi ni ndogo, kanuni hii ndiyo ya kwanza kuvunjwa.

Tiyo kubwa: kufinya, sumaku na sauti

Mutu akifinya mudomo wa mupira wa maji, maji inaruka mbio. Kila mutu mwenye amenyunyizia bustani anajua hivyo. Chenye hakionekane ni kama, fasi maji inakimbia zaidi, nguvu yake ya kusukuma ukuta wa tiyo, yenye mafundi wanaita presio, inashuka. Daniel Bernoulli alieleza jambo hili ndani ya kitabu chake cha mwaka wa 1738. Katika mwaka wa 1797, Muitalia Giovanni Battista Venturi aliandika juu ya maji yenye inapita fasi nyembamba. Na katika mwaka wa 1887, injenieri Mumarekani Clemens Herschel akafanya kipimo cha kweli: tiyo yenye inapunguzwa polepole, kisha inapanuliwa tena. Unapima presio mbele na presio ku shingo. Tofauti yao inakupatia debi. Herschel alikiita kipimo cha Venturi, kwa heshima ya ule wa kwanza.

Uzuri wake ni kama hakuna kitu chenye kinazunguka, kwa hiyo hakuna chenye kinachoka haraka. Ubaya wake ni huu: debi ikiongezeka mara mbili, tofauti ya presio inaongezeka mara ine. Na debi ikishuka mpaka sehemu moja ya kumi, tofauti inashuka mpaka sehemu moja ya mia. Kwa debi ndogo, chombo kinabakia kutafuta alama yenye karibu haiko.

Njia ingine ni sumaku. Maji ya kawaida inapitisha umeme, na kitu chenye kinapitisha umeme kikitembea kati ya sumaku, kinazaa umeme kidogo. Michael Faraday alijaribu kuupima katika mwaka wa 1832 ku daraja la Waterloo, London, kwa kuingiza vipande vya chuma ndani ya muto Thames. Hakufaulu, juu vyombo vya wakati ule vilikuwa zaifu, lakini wazo lilikuwa sawa. Siku ya leo vipimo vya sumaku viko ku viwanda vya maji dunia nzima. Havina kitu ndani ya tiyo chenye kinazuia maji. Lakini haviwezi kupima esanse wala gaze, juu vitu hivyo havipitishe umeme vya kutosha.

Kuko pia sauti. Chombo kinatuma sauti yenye sikio haisikie, mara moja kufata mukondo, mara moja kupinga mukondo. Yenye inafata inafika mapema kidogo. Tofauti ya wakati huo mudogo sana inaonyesha mbio. Chombo kama hicho kinaweza kufungwa inje ya tiyo bila kuikata, na ndiyo maana mafundi wanakitumia kuchunguza kompteri kubwa yenye watu hawaiamini tena.

Kipimo cha tiyo kubwa kina uzito kwa wananchi wote. Mutandao ukitoa metre kibe 1000 ku tangi, na kompteri zote za nyumba pamoja zikahesabu 600, watu watasema 400 zimevuja ao zimeibiwa. Lakini kama kompteri ya ku tangi inaongeza asilimia 5, karibu metre kibe 50 kati ya zile 400 hazikupotea: hazikuwako hata siku moja. Tangu sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, mulango umefunguliwa Kongo kwa watumishi wengine wa maji pembeni ya Regideso, hata vikundi vya wakaaji. Komite yenye haina kompteri ya kweli ku tangi yake inatafuta mwizi katika giza.

Gaze: metre kibe si kilo

Kwa maji, litre moja ni litre moja, Muanda ao Goma. Kwa gaze, hapana. Gaze inafinywa na inapanuka. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, na kwa kimo hiki hewa inasukuma kwa nguvu ya karibu asilimia 85 tu ya ile ya ku bahari. Kwa joto moja, metre kibe moja ya gaze yenye imepimwa Goma kwa presio ya hewa ina gaze pungufu karibu asilimia 15 kuliko metre kibe moja ya Muanda. Mutu mwenye anauzisha gaze kwa metre kibe bila kusema presio gani na joto gani, hajasema bado bei yake. Ndiyo maana wafanyakazi wa gaze wanarudisha hesabu ku hali moja, kwa mufano digri 0 na presio ya kawaida ya ku bahari.

Jambo hili linahusu Ziwa Kivu lenyewe. Ndani ya maji yake ya chini kuko karibu kilometre kibe 60 za gaze metane, pamoja na gaze karbonike karibu kilometre kibe 300. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt cha megawati 26 kinatumia metane hiyo kutoa umeme tangu miaka ya 2015 na 2016. Gaze yenye inapanda haiko metane peke: imechanganyika na karbonike na unyevu. Kupima tu kiasi cha gaze yenye inapita haitoshe. Inapaswa kupima pia ndani yake kuko metane ngapi. Na juu ziwa ni la inchi mbili, hesabu ya kile chenye kinatoka chini ni hesabu ya majirani wote.

Esanse iko kati ya maji na gaze. Haifinyike kwa urahisi, lakini joto linaipanua: karibu asilimia 1 kwa digri 10. Kamio yenye kupakia litre 30 000 ku joto la digri 35, ikimwaga ku digri 25, inaweza kukosa karibu litre 300 bila mutu kugusa bomba. Ndiyo maana ku biashara kubwa ya mafuta hesabu inarudishwa ku digri 15, na vipimo vingine, vyenye kuitwa vya Coriolis kufatana na jina la Mufaransa Gaspard-Gustave Coriolis, vinapima moja kwa moja kilo zenye zinapita, juu kilo haibadilike na joto.

Chupa ya oksijeni

Ku hospitali, debi ni uhai. Ku chupa ya oksijeni kuko tiyo ndogo ya kioo ao plastiki yenye kusimama, upana wake ukiongezeka kuelekea juu, na ndani kuko mupira mudogo. Gaze inaunyanyua mupira mpaka fasi uzito na nguvu ya gaze vinalingana. Mujerumani Karl Küppers, wa muji wa Aachen, ndiye alipata hati ya chombo hiki katika mwaka wa 1908.

Mambo mawili yanaharibu kipimo. Kama tiyo imeinama, mupira unasuguana na ukuta na kuonyesha uongo. Na kama mutu anasoma juu ya mupira wakati inapaswa kusoma katikati yake, anakosea. Kwa mutoto muchanga, mwenye anapewa nusu litre mpaka litre moja kwa dakika, kukosea kidogo ku macho ni kukosea mingi ku kipimo.

Kuko pia hesabu ya wakati. Chupa ya litre 40 yenye kujazwa ku bar 150 ina karibu litre 6000 za oksijeni. Kwa litre 5 kwa dakika, inatosha dakika 1200, ni kusema saa 20. Kama chombo kinaonyesha 5 lakini kinaacha 7 zipite, chupa itaisha kisha saa 14 na dakika kidogo. Familia na muuguzi wanafikiri usiku wote uko salama, kumbe oksijeni inaisha mbele ya asubuhi.

Kujichunguzia ku lupango

Mwenye nyumba hana labo, lakini anaweza kufanya mambo matatu.

1. Kutafuta fasi inavuja. Funga robine zote usiku, andika namba zote, hata nyekundu. Asubuhi, mbele ya mutu kuchota, soma tena. Namba zikiwa zimetembea, kuko maji inatoka. Choo ndiyo fasi ya kwanza ya kuangalia. Maji yenye inaweza kujaza bidoni moja kwa saa ni metre kibe 14 na zaidi kwa mwezi.

2. Kutayarisha bidoni ya kweli. Usiamini maandishi ya chini ya bidoni. Pima bidoni tupu ku mizani, kisha ongeza maji mpaka uzito uongezeke kilo 20. Maji ya litre 20 ina uzito wa karibu kilo 20. Piga mustari kwa marker fasi maji imefika.

3. Kulinganisha. Soma kompteri, jaza bidoni tano mpaka ku mustari, ukifungua robine vizuri, bila kumwaga, na bila mutu mwingine kutumia maji. Soma tena. Inapaswa kuonyesha karibu litre 100. Ikionyesha 99, 101 ao 102, iko sawa, juu hata macho ya mwenye kusoma yanaweza kukosea litre moja. Ikionyesha 110, rudilia mara tatu mbele ya jirani na uandike kila mara. Hapo unaweza kwenda ku biro ya mwenye kuuzisha maji na kuomba kompteri ichunguzwe, ukiwa na karatasi mukononi, si hasira peke yake.

Mutu mwenye angefanya jaribio hilo na bidoni za kujaza mpaka mudomo, kompteri ingemuonyesha litre 107 na nusu, na angeapa mbele ya kartie nzima kama inamuibia. Na ilikuwa inasema kweli.

Kwa mama wa kioski na komite yake, dawa ni ile ile: mustari ku bidoni, ao bei yenye inahesabu tangu mwanzo kama metre kibe moja inatoa bidoni 46 za kujaa mpaka mudomo, si 50. Hiyo ni hesabu ya dakika tano ku mukutano wa kwanza. Ikikosa kufanywa siku ile, itafanywa mwisho wa mwezi kwa kelele, na mutu mwenye hakuiba anaweza kuitwa mwizi.